Mwaka wa Shamba Huamuliwa Kipupwe

Ulanzi ndio hutangulia kuaga. Tangu Desemba au Januari wagema wa Njombe na Iringa wamekuwa wakikata ncha za vichipukizi vya mianzi asubuhi na jioni na kutega mbeta chini yake, na kadiri mvua ilivyonyesha ndivyo mbeta zilivyojaa. Ikifika Mei udongo wa juu unaanza kukauka, matone yanapungua, na vilabu vya vijijini vinarudi kwenye komoni. Asiye na kalenda angeweza kuujua mwezi kwa kuuliza tu kinachouzwa kilabuni. Ukungu unalala bondeni hadi saa tatu asubuhi, mipichesi nyuma ya nyumba inapukutisha majani, na watu wanavaa makoti mpaka adhuhuri. Mahindi yaliyokuwa mabichi wakati wa Pasaka yamepauka na mabua yanakwaruzana kila upepo unapopita.

Sisi waandishi wa magazeti tuna tabia ya kumkumbuka mkulima wakati wa kupanda. Ruzuku ya mbolea ilipozinduliwa Mbeya siku ya Nane Nane mwaka 2022, na mfuko wa DAP wa kilo 50 ukashushwa hadi shilingi 70,000, habari ilijaza kurasa za mbele, na ilistahili. Mbegu, mbolea, utabiri wa mvua: hayo tunayaandika. Kisha mvua inakatika, na mkulima anapotea kwenye habari mpaka Novemba.

Nadhani tumekosea msimu. Kwa kaya yenye ekari mbili tatu katika Nyanda za Juu Kusini, mwaka huamuliwa kati ya Mei na Agosti, wakati mahindi yamekwisha kuzaa kile yatakachozaa. Nyumba mbili zinaweza kuvuna debe sawa kwa sawa. Moja ikala mpaka mavuno mengine, na nyingine ikaanza kununua unga Januari. Mbolea haielezi tofauti hiyo. Inaelezwa na kilichotokea uani, darini na kwenye mzani wa mnunuzi.

Tuanze na shamba lenyewe, kwa kuwa uamuzi wa kwanza unafanyika mahindi yakiwa bado yamesimama. Mji wa Njombe unakaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya huku hulivuta zao. Mbegu za muda mrefu zinazopendwa nyanda hizi, kama UH6303 iliyotoka kituo cha utafiti cha Uyole, hukaa shambani miezi mitano hadi sita, na kwenye miinuko yenye baridi zaidi hupitiliza. Lakini hindi huiva kabla halijakauka. Ng'oa punje kwenye gunzi uitazame kitako: ukiona kidoa cheusi, punje imeshaachana na mmea. Tangu hapo haiongezi uzito wowote, ingawa bado karibu theluthi ya uzito wake ni maji.

Bwana shamba atakwambia uvune hapo hapo, ukaushie nyumbani. Mkulima anamsikiliza, anaitikia kwa adabu, kisha anayaacha mahindi yasimame mwezi mzima, pengine zaidi. Watu wengi hudhani huo ni ukaidi. Nenda ukatazame uani kwake. Ana turubai moja, labda mbili, na moja imetoboka. Nyumba ina vyumba vitatu na wanalala watu saba. Jua la Juni hutoka limechelewa na huzama mapema nyuma ya mlima, na katikati wingu linaweza kutanda siku nzima. Mahali pekee penye nafasi ya kukaushia mahindi ya ekari mbili ni hizo ekari mbili zenyewe.

Kwa hiyo anayaacha, na anajua analipa. Fukusi huruka kutoka kwenye maghala ya zamani na kutaga mayai kwenye gunzi likiwa bado shambani. Mahindi huingia ndani ya nyumba yakiwa tayari na mpangaji. Panya wanapanda mabua. Ng'ombe wa jirani, aliyefungwa kamba tangu Novemba, anafunguliwa siku moja kabla ya wakati. Halafu kuna mwizi wa usiku, anayechagua mistari ya katikati ili mwenye shamba anayepita pembeni asione pengo.

Hapa ndipo mbegu ya kienyeji inapopata watetezi, hasa kina mama wenye umri. Haizai sana, hilo wanalikubali bila ubishi. Ila gunzi lake likikauka huinama, na maganda yake hufunika ncha yote, kiasi kwamba mvua ya kuchelewa huteleza nje na fukusi hapati mlango. Baadhi ya chotara zenye magunzi makubwa hutoboa ganda na kubaki na ncha wazi. Mwenye kuhesabu magunia siku ya kuvuna ataichagua chotara. Mwenye kuhesabu magunia Februari huenda akasita kidogo, na nimeona kaya zinazopanda zote mbili: chotara ya kuuza, kienyeji ya kula.

Siku ya kuvunja mahindi majirani hukusanyika kwa mgowe. Leo kwangu, kesho kwako. Mwenye shamba anapika, na waliokuja wanakumbuka nani alikuja kwao na nani alituma mtoto badala yake. Salamu ya "Kamwene!" inasikika tangu mwanzo wa mstari mpaka mwisho. Kila mmoja ana kijiti chenye ncha, mfupa au msumari mkubwa mkononi. Anachana ganda, anavunja gunzi, analitupa kwenye lundo, na maganda yanabaki kwenye bua kwa ajili ya ng'ombe. Watoto wanabeba. Likizo ya katikati ya mwaka huangukia humo humo, na mtoto wa mkulima hajawahi kuifahamu kama mapumziko. Jioni majani mabichi yanapelekwa jikoni kwa simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofugwa karibu na mafiga, ambao kwa nyumba nyingi za huku ndiyo nyama iliyo karibu kuliko zote.

Mgowe umepungua, na sitaki kuulilia kupita kiasi. Ulikuwa na dhuluma zake: mjane asiye na nguvu za kurudisha zamu alikuwa wa mwisho kuvunjiwa mahindi. Siku hizi wenye fedha hulipa vibarua kwa gunia. Vijana wamekwenda Makambako kuendesha bodaboda au Mufindi kupasua mbao, na ukihesabu vichwa kwenye mgowe wa leo, wengi ni wanawake waliopita miaka arobaini. Kazi zote nitakazozitaja kuanzia hapa, yaani kuchambua, kuanika, kupukuchua, kupepeta na kuhifadhi, ziko mikononi mwao. Pengine ndiyo sababu hazipati kurasa za mbele.

Mahindi yakifika uani yanachambuliwa. Lundo kubwa ni yale mazuri. Lundo la pili ni magunzi mafupi, yenye punje chache au yaliyoguswa na ndege. Hayo yataliwa kwanza. Lundo la tatu limeoza nchani, lina ukungu wa kijani, wa waridi au mweupe, na ndilo linaloleta mabishano. Nitalirudia.

Kisha kuanika. Nafaka ya kuhifadhi inatakiwa isizidi unyevu wa asilimia 13.5, kiwango kile kile kinachotumika kwenye masoko rasmi ya Afrika Mashariki. Kipimo cha umeme kipo kwa mnunuzi, kwa mkulima hakipo, kwa hiyo watu wana vipimo vyao. Bibi yangu mzaa mama alitumia jino. Alitia punje mdomoni, akaiuma kwa gego, akasikiliza. Ikivunjika kwa mlio mkavu, sawa. Ikibonyea, alirudisha debe zima juani bila maelezo. Njia ya chumvi ni ya uhakika zaidi, na haina gharama. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia konzi ya mahindi na kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa, acha itulie dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji. Ikibaki chini ikimwagika huru, unaweza kufunga magunia. Ningependa kila shule ya msingi ya vijijini iwe na chupa hiyo dirishani.

Kukosea hapa kunaweza kuua. Mwaka 2004, Ukambani nchini Kenya, katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 walitambuliwa kuugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu: Dodoma na Manyara, familia zilizokula mahindi ya shambani kwao zilianza kuugua manjano, na karibu watu 20 walipoteza maisha. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo ya sumu, na wafanyabiashara wengi wakajifunza neno aflatoksini siku hiyo mpakani.

Kuvu inayotengeneza aflatoksini hupenda joto na zao lililoteswa na ukame, ndiyo maana jina la Dodoma hutajwa kabla ya Njombe. Lakini nyanda za baridi na ukungu zina kuvu zao, zile za waridi na nyeupe, zenye sumu ya aina nyingine ambayo haiui kwa wiki moja na kwa hiyo haiandikwi. Ndipo tunarudi kwenye lundo la tatu. Desturi ni kwamba mahindi mabovu hayatupwi. Yanapelekwa kwenye pombe au kwa nguruwe na kuku. Akili ya umaskini inasema chakula ni chakula. Kwa bahati mbaya sumu hizi hazimalizwi na kuoshwa, kuchemshwa wala kuchachushwa, na ng'ombe aliyelishwa mahindi yenye aflatoksini huirudisha kwa watoto kupitia maziwa. Kumwambia mtu hivyo Juni, akiwa na lundo la debe nne mbele yake, ni mazungumzo magumu. Anayeweza kuyafanya ni jirani anayeheshimika kuliko bango la wizara.

Mahindi yaliyokauka zamani yalikwenda darini, juu ya moto wa jikoni. Kuni zilifuka mwaka mzima, moshi ukapanda, magunzi yakawa meusi kwa nje na salama ndani. Mbegu ya mwaka ujao ilining'inizwa hapo hapo, mafungu mawili mawili yaliyofungwa kwa maganda yake. Nyumba ya nyasi na jiko la mafiga matatu vilikuwa ghala bila kuitwa ghala. Leo nyumba ina bati, jiko limejengwa pembeni, na kwa bahati nzuri akina mama wengi wana majiko yasiyojaza moshi machoni na mapafuni. Nani angetaka turudi nyuma? Ila waliokuja na majiko sanifu hawakuuliza mahindi yatakaa wapi, na kaya nyingi zilijikuta zimepata pumzi safi na fukusi kwa pamoja.

Kwenye mikoa ya joto kidogo balaa kubwa zaidi alikuwa dumuzi. Mdudu huyu asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Alionekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980, na kutoka hapo akaenea nchi nyingi za Afrika. Fukusi wa kawaida huacha punje yenye tundu. Dumuzi huacha unga. Hutoboa hata mbao, kwa hiyo kihenge cha miti kilichotakiwa kuyalinda mahindi kikawa nyumba yake. Anapenda zaidi mahindi yaliyo bado kwenye gunzi, na hilo ndilo lililobadilisha kazi za kipupwe. Serikali na wataalamu waliwataka wakulima wapukuchue mapema, wachanganye punje na dawa ya unga, wahifadhi kwenye magunia au vihenge vilivyofungwa. Kabla ya hapo familia ilipukuchua kidogo kidogo, debe la wiki hii, debe la wiki ijayo, jioni wakizungumza karibu na moto. Sasa kazi ya miezi ikasukumwa ndani ya wiki chache za Julai. Ndiyo maana utaona mtu anapiga mahindi kwa fimbo ndani ya gunia, ingawa anajua punje zitapasuka na punje iliyopasuka ni karibu sana na kuvu. Mwenye nafuu hukodi mashine inayozunguka kijiji na kulipa kwa gunia.

Baridi, ambayo mpaka hapa tumeitaja kama adui wa kukausha, ni rafiki wa kuhifadhi. Fukusi huzaana polepole mno kwenye ubaridi wa Juni na Julai. Wakulima wa Makete na Njombe huishi na mahindi bila dawa muda ambao mkulima wa Morogoro hawezi kuuota. Tatizo huanza Septemba, jua likianza kuwaka, na fukusi wakaanza kuzaana upesi.

Suluhisho lililonivutia kuliko mengine halitumii dawa kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtafiti Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, alikuwa akifanya kazi na wakulima wa kunde Cameroon. Huko ndiko ulikozaliwa mfuko wa tabaka tatu: mifuko miwili ya nailoni nzito ndani, kiroba cha kawaida nje. Nafaka kavu inajazwa, hewa inakamuliwa, kila mfuko unafungwa peke yake. Wadudu waliomo hutumia oksijeni iliyobaki, wakaacha kula, wakafa. Hapa nchini mifuko ya namna hiyo inajulikana madukani kwa jina la Kinga Njaa. Ina masharti mawili: mahindi yawe makavu kweli, la sivyo unafungia kuvu, na panya wasifike. Ina sharti la tatu ambalo halikuandikwa: uwe na fedha ya kununulia mfuko unaogharimu mara kadhaa ya kiroba cha kawaida, Julai, wiki ambayo kila mtu mwingine anazihitaji fedha zako.

Na hilo ndilo jambo lenyewe. Kwenye semina za hifadhi ya mazao utasikia asilimia 30 hadi 40 ya mavuno hupotea baada ya kuvunwa. Takwimu hiyo inatajwa mno hata imekuwa kama salamu. Inahesabu kilicholiwa na fukusi, panya na kuvu. Haihesabu kilichopotea kwa kuuzwa siku mbaya, na mimi naamini kwa mkulima mdogo wa nyanda hizi hasara hiyo ni kubwa kuliko ya fukusi.

Tazama Julai inavyompata. Mtoto amechaguliwa kidato cha tano. Ada imefutwa tangu mwaka wa masomo 2022/23, jambo jema lisilopingika, lakini fomu ya maelekezo ya kujiunga bado ina orodha yake: godoro, shuka, sare mbili, viatu vyeusi, ndoo, madaftari, nauli ya basi hadi mkoa mwingine kabisa. Mwana mwingine yuko chuoni. Kuna harusi, kwa kuwa harusi hufuata mavuno, na kuna mchango wa kipaimara cha mtoto wa shemeji. Deni la mbolea la dukani linadaiwa. Vyote hivyo vinafika mlangoni katika wiki zile zile ambazo kila nyumba kutoka Songea hadi Sumbawanga ina mahindi na kila nyumba inauza. Bei inakuwa chini kwa sababu hiyo hiyo. Desemba hadi Machi, wakati mahindi yamekuwa adimu, bei inapanda, na aliyeuza Julai ananunua unga uliosagwa pengine kutokana na mahindi yake mwenyewe.

Mshauri wa mjini atasema asubiri. Ni ushauri mzuri kwa mwenye mshahara. Kuuza Julai hakutokani na ujinga wa soko. Mama yeyote wa Lupembe au Wanging'ombe anaweza kukutajia bei ya Januari tangu sasa. Anauza kwa sababu godoro haliwezi kusubiri Januari. Wapo wanaobanwa mapema zaidi wakauza zao likiwa bado shambani, biashara ambayo wakulima wa kahawa wa Mbinga wanaiita magoma na wale wa Kagera butura. Kwenye mahindi hufanyika kimya kimya, gunia mbili kwa rafiki, tatu kwa mwenye duka.

Mnunuzi mwenyewe hujaza kwa namna yake. Debe sita ndilo gunia, lakini debe la mnunuzi lina kichuguu juu, na wakati mwingine tako lake limegongwa likatokeza nje. Kwenye viazi mviringo, zao jingine kubwa la Njombe, mambo huwa wazi zaidi: gunia la kilo 100 hushonewa kilemba juu mpaka likawa lumbesa, na mkulima analipwa gunia moja. Sheria inakataza, Wakala wa Vipimo hufanya misako, na lumbesa huonekana tena baada ya msako kupita, maana mwenye viazi vinavyoanza kuchipua hana nguvu ya kubishana na mwenye lori.

Yupo mnunuzi wa serikali. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ulioanzishwa mwaka 2008, una maghala Makambako na Songea, na mzani wake hauna kichuguu. Anayefika na mahindi makavu, safi, yaliyopepetwa, hupata bei ambayo mara nyingi huwa bora kuliko ya uani. Lakini mwenye gunia nne akilipa usafiri kutoka kijijini faida imeliwa na gari, kwa hiyo mnufaika mkubwa ni anayekusanya za wenzake. Na sera nayo hubadilika katikati ya msimu. Juni 2017 serikali ilizuia kuuza nje mahindi ambayo hayajasagwa, kwa hoja ya usalama wa chakula na viwanda vya ndani. Bei kwenye mikoa inayozalisha ikaporomoka, na waliokuwa wameshauriwa wahifadhi wasubiri bei nzuri ndio walioumia kuliko waliouza mapema. Ukimweleza mkulima habari za kuweka akiba leo, usishangae akikutajia mwaka huo.

Katika hayo yote kuna siku moja ya kufurahisha. Sikukuu ya mavuno kanisani, hasa kwa Walutheri ambao ni wengi huku, hufanyika mavuno yakiwa ndani. Watu huja na walichonacho: debe la mahindi, kuku aliyefungwa miguu, mkungu wa ndizi kutoka bondeni, sado ya maharage ya njano, mayai kumi. Ibada ikiisha mnada unaanza nje. Jogoo mmoja huuzwa mara tatu, kwa kuwa kila anayemnunua anamrudisha auzwe tena, na mzee wa kanisa mwenye sauti kubwa hutaja majina ya wanaochelewa kupandisha bei. Mwalimu mkuu analazimika kununua boga kwa bei ya mbuzi. Ni mara chache sana katika mwaka ambapo mazao ya mkulima hupanda bei mbele ya macho yake.

Agosti inapokaribia, wakati bonde la chini bado lina unyevu, jembe hurudi kazini. Huku wanaviita vinyungu: bustani za mabondeni, kwenye udongo mweusi usiokauka. Nyasi hufyekwa, magamba ya udongo hugeuzwa na kulazwa juu ya nyasi hizo, matuta yanapangwa na mifereji midogo katikati ili maji ya ziada yatoke. Mahindi, maharage, mboga na viazi hupandwa bila kungoja mvua, na kuvunwa kuanzia Oktoba, wakati mahindi ya kipupwe yamepungua na yale ya msimu mpya ndiyo kwanza yanapandwa. Kaya yenye kinyungu ina uwezo wa kugoma kuuza Julai kuliko kaya isiyonacho. Hilo ni ghala jingine, lililo ardhini.

Ni ghala lenye kesi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji, na mabonde haya ndiyo yanayolisha mito iendayo Ruaha Mkuu na Kilombero, yenye mashamba ya mpunga, hifadhi za wanyama na mitambo ya umeme chini yake. Kwa miaka kadhaa maofisa wa wilaya wamekuwa wakifika na futi kamba. Mkulima anajibu kwamba babu yake alilima pale pale na mto haujakauka. Ofisa anajibu kwamba babu yake hakuwa na pampu, wala majirani wengi kiasi hiki, wala mikaratusi inayonyonya maji ukingoni. Wote wawili wana hoja, na mimi ninaelemea kwa mkulima wa jembe la mkono, almradi mikaratusi ing'olewe kwanza kabla ya maharage yake. Kwenye vijiji vingine wamekubaliana kuacha ukingo wenye miti ya asili na kulima nyuma yake. Kwingine bado wanabishana kila Agosti, na matuta yanaendelea kupangwa huku mkutano wa kijiji ukingoja akidi. Baadaye mahindi ya kuchoma ya vinyungu yatakuwa yanauzwa stendi ya Makambako kwa abiria wa mabasi ya Songea na Mbeya, gunzi moja moja, kwa bei anayoitaja muuzaji.